I7 SI CHEO: MAONI YANGU KUHUSU TARAKILISHI MPYA YA CHAMA

Vidole vinaniuma. Ndimi niliyelipiga chapa jarida hili, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa ile tarakilishi kuukuu ya chama. Shairi moja nimelipiga mara tatu. Stima ilipotea mara mbili nikiwa katikati ya beti, na sikuwa nimehifadhi kitu. Mwenye shairi hajui. Akisoma hapa atajua.

Sasa chama kimepata pesa za kununua mashine mpya. Tumeuza mandazi tangu muhula wa kwanza, tumeosha magari siku ya wazazi, na Mwalimu mlezi ameongeza zake za mfukoni. Pesa kama hizi hazitapatikana tena kabla kidato chetu hakijaondoka. Lakini katika mkutano uliopita Mwenyekiti wetu, ambaye namheshimu sana, alisimama akasema ati tununue "i7 yoyote" yenye diski ya terabaiti moja na kiwambo cha inchi 24, basi tumemaliza. Watu wakapiga makofi! Mimi nasema hapana.

Jamani, hiyo tuliyo nayo si ni i7? Kibandiko bado kiko pale mbele, kinang'aa. Tuliinunua mtumba, tukafurahi. Leo ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukaikuta bado inazungusha kiduara chake. Nilidhani ni virusi. Kisha siku moja nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha linaloonyesha kila kiungo cha mashine kinafanya kazi kiasi gani. Ubongo wake, yaani kichakataji: asilimia 9. Diski: asilimia 100. Kumbe ile i7 tuliyoilipia ilikuwa imekaa tu, imekunja mikono, ikingojea diski imalize kusoma!

Hebu nieleze kwa lugha ya bweni. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, ni dawati lako la kusomea usiku. Diski ni sanduku lako kule bwenini. Dawati likiwa dogo, kila kitabu unakikimbilia bwenini, na kingine unakirudisha. Mashine yetu ina RAM ya gigabaiti 4, na sehemu kubwa huliwa na Windows kabla sijaandika hata neno. Tena RAM husahau kila kitu stima ikipotea. Huko ndiko lile shairi lilikokwenda.

Diski yake nayo ni ile yenye sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika, na kijimkono kinachohama huku na huko kikitafuta. Hapo bweni liko ng'ambo ya mto! Diski ya SSD haina kinachozunguka. Hata ya bei ya chini husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali ya sahani mara nyingi haifiki 200, na kazi ikiwa ya vijifaili vingi vilivyotawanyika, ya sahani huachwa mbali zaidi. Chama chetu hakiweki sinema. Tuna mashairi, insha na picha za kongamano. SSD ya gigabaiti 256 itatutosha miaka mingi. Terabaiti ya kazi gani?

Kuhusu i7, wacha niseme wazi. Jina hilo Intel ilianza kulitumia mwaka 2008, na tangu hapo vizazi vimepita. Kizazi husomwa katika namba inayofuata kistari. Yetu ni i7-2600, kizazi cha 2, cha mwaka 2011. Kuna i3-12100, kizazi cha 12, ya mwaka 2022. Zote mbili zina viini 4, lakini hiyo i3 inayodharauliwa huiacha i7 yetu nyuma kabisa. Kiranja mkuu wa 2011 hawezi kuja leo kutupanga foleni ya chakula. Isitoshe, huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikomeshwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi mashine yetu. Kwa Intel hutaka kizazi cha 8 kwenda mbele. Kwa hivyo muuzaji akikwambia "i7" akanyamaza, muulize namba yote. Akianza kukusifia rangi ya sanduku, toka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Katibu alininong'oneza ati afadhali kipakatalishi. Kweli kina betri, lakini pia kina miguu. Kitahama shule kabla yetu.

Ombi langu ni hili. Tuchukue i3 ya kizazi cha karibuni, SSD ya 256, na RAM ya gigabaiti 8 iliyo kipande kimoja, ili nafasi ya pili ibaki wazi tuongeze siku zijazo. Kiwambo tutumie kilekile, hakijatukosea. Tuangalie tu kama tundu lake linalingana na la mashine mpya. Pesa zitakazobaki zinunue UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea. Dakika zake chache zatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Katika orodha ya Mwenyekiti hiyo haikuwamo kabisa, na ndiyo ingeliokoa shairi.

Mwenyekiti ana haki ya kunijibu. Kamati itakutana Alhamisi ya kwanza baada ya jarida hili kutoka, saa kumi, katika chumba cha tarakilishi. Mimi nitaiwasha i7 yetu saa kumi kasorobo. Anayetaka aje na saa yake, tuone itaamka saa ngapi.