DAKTARI WA 'NDIYO MZEE' ALIVYOMLAZA MICHAEL JACKSON

Taja jina la Michael Jackson kijiweni leo, hukosi mshikaji wa kukwambia kwamba aliuawa na "maziwa". Huyo anasema nusu ya ukweli. Dawa yenyewe inaitwa propofoli, ni nyeupe kama maziwa kweli, na ndiyo iliyomlaza moja kwa moja huko Los Angeles Juni 25, 2009. Lakini dawa hiyo hiyo hutumika kila siku katika vyumba vya upasuaji duniani kote. Watu wanalala, wanaamka, wanauliza kama kazi imeisha. Sasa kwa nini yeye, aliyetutembelea hata sisi hapa Dar es Salaam mwaka 1992, alale asiamke?

Ndugu msomaji, mimi shule yangu iliishia kidato cha nne. Udaktari siujui. Ila kesi ile nimeifuatilia, na kuielewa hakuhitaji digrii.

Propofoli ikiingia kwenye mshipa, dakika haiishi mtu kashazimika. Dozi moja ikiisha nguvu, dakika tano hadi kumi baadaye anazinduka. Huo ndio uzuri wake. Ubaya ni kwamba inapolaza ubongo inaweza kulaza na pumzi, na presha ikaporomoka. Kipimo cha kumtuliza mtu na kile cha kumkata pumzi ni majirani. Tena haina dawa ya kuitengua: ikizidi, kazi ni kumpumulia mgonjwa mpaka iishe yenyewe mwilini.

Ndiyo maana anayeitoa anatakiwa asimame kichwani pa mgonjwa na asiwe na shughuli nyingine. Awe na oksijeni, mfuko wa kupumulia, mashine ya kunyonya matapishi, kipimo cha presha, kifaa cha kidoleni kinachopiga kelele oksijeni ikishuka. Mgonjwa awe amepimwa uzito na hajala.

Dk. Conrad Murray alikuwa na nini? Yeye ni daktari wa moyo, si mtaalamu wa nusukaputi. Aliahidiwa dola 150,000 kwa mwezi. Chumbani, nyumbani kwa mtu, karibu miezi miwili, alikuwa akitoa dawa ya upasuaji ili tajiri apate usingizi wa usiku! Kifaa cha kidoleni alikuwa nacho, lakini cha aina isiyopiga kelele. Kisha akatoka chumbani. Rekodi za simu mahakamani zilionyesha kwamba asubuhi ile alikuwa akiongea na watu.

Hapo ndipo penye kiini. Mgonjwa ndiye bosi, daktari ndiye mwajiriwa, nani atasema hapana? Sisi wa nchi hii tunawajua vizuri watu wa "ndiyo mzee". Mlalahoi aliyelazwa wodini, akasimamiwa na mtaalamu mmoja asiyemwogopa wala kumtegemea kwa mshahara, alikuwa salama kuliko yule bwana na mamilioni yake. Mwaka 2011 Murray alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Akapewa miaka minne, akakaa kama miwili, Oktoba 2013 akatoka.

Na kuna ugonjwa wa pili, ubahili. Mwaka 2008 huko Las Vegas iligundulika kwamba vichupa vya propofoli vya mgonjwa mmoja vilikuwa vikitumika kwa wengine, na mabomba ya sindano yakirudishwa mle mle. Watu zaidi ya 60,000 waliambiwa wakapime damu kwa hofu ya homa ya ini. Mwenye kliniki, Dk. Dipak Desai, alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2013. Aliokoa nini? Bei ya kichupa!

Kwa hiyo mama yako akipelekwa kupimwa tumbo kwa ule mpira wenye kamera, akaambiwa atachomwa sindano ya usingizi, usikae nje unasoma gazeti. Uliza, kwa adabu: nani atamwangalia pumzi, na je, huyo ndiye atakayeshika mpira? Kichupa kinafunguliwa kipya? Mfuko wa kupumulia uko wapi? Wizara ya Afya nayo ibandike maswali haya ukutani katika kila kliniki, hospitali za vigogo zikiwemo. Na kama mgonjwa ni wewe, pikipiki iache nyumbani siku hiyo, upelekwe na kurudishwa na mtu.