Mishumaa ya Pambo na Karafuu Zetu



Msimu uliopita tulikwenda Berega, wilaya ya Kilosa, kumtazama jamaa yetu mgonjwa. Usiku taa zilipozimika, mwenyeji wetu alileta mshumaa wa nta ya nyuki alioufanya kwa mikono yake. Tulirudi kisiwani na vipande viwili vya nta, pamoja na fikira hii tunayoiweka mbele yenu.

Siku hizi vijana wetu, hasa wasichana, wanafanya majumbani mishumaa ya pambo kwa jeli. Jeli hiyo ni mafuta ya madini yaliyosafishwa na kugandishwa; ndani ya glasi hung'ara kama maji. Kazi hii twaisifu. Mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja na mwaka wa pili ikapumzika, na mwenye nyumba hana budi kuwa na mlango mwingine wa riziki. Tena waliokuwa Unguja mwaka 2008, kisiwa kilipokaa karibu mwezi mzima bila umeme, wanaijua thamani ya mshumaa.

Lakini twaona kosa moja, nalo si dogo. Wengine hutia karafuu ndani ya jeli ili zipendeze. Karafuu ni kitu kikavu chenye mafuta. Moto ukiifikia huwaka, na mshumaa wa utambi mmoja hugeuka wa tambi kumi. Katika arusi moja tuliyohudhuria, glasi ilipasuka na kitambaa cha meza kikashika moto. Alhamdulillahi, hakuumia mtu.

Basi ndani ya jeli viwekwe visivyoungua: makombe, vijiwe, vipande vya chupa vilivyolainishwa na bahari. Glasi iwe nene. Anayetaka harufu ya karafuu na afanye mshumaa wa nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwa joto la digrii 62 hadi 65 hivi, kwa hiyo haihitaji moto mkali: bakuli la nta litiwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, lisiwekwe juu ya makaa. Ikishayeyuka iondolewe jikoni, ndipo yatiwe matone machache ya mafuta ya karafuu. Nta au jeli ikishika moto, funika kwa kifuniko. Usimwagie maji kamwe, kwani maji huutapanya moto. Karafuu nzima zipambe sahani, mbali na utambi.

Wala tusisahau sheria. Karafuu kavu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Mishumaa isiwe kisingizio cha magendo. Mafuta ya halali yapo: kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyapata kwa kuyapika makonyo kwa mvuke.

Wako watakaosema kuwa jeli yapendeza zaidi machoni. Ni kweli. Lakini jeli hutoka ng'ambo, na fedha yake hurudi huko huko. Nta hutoka kwa mfuga nyuki wa bara, na harufu hutoka kwa mkulima wa karafuu. Mshumaa mmoja walisha nyumba mbili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Twashauri kila tawi, katika mkutano wake ujao, limwombe mama mmoja aijuaye kazi hii awaonyeshe wenzake, na sufuria ya maji iwe jikoni mbele ya macho ya wote.