Wapare wa Mbiru Hawakukwepa Kodi

Makala iliyowaita Wapare wa miaka ya 1940 wakwepa kodi imewaonea. Mkwepaji hujificha. Hawa walishuka milimani kwa maelfu, Januari 1945, wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, mchana kweupe. Kodi ya kichwa hawakuikataa. Walichokataa ni mbiru, kodi iliyoongezwa juu yake kwa kukadiria mali ya kila mtu, na makadirio yenyewe waliyaona ya dhuluma. Usangi, leo wilayani Mwanga, wanawake nao waliandamana wakidai shauri limalizwe, waume zao warudi nyumbani. Mwandishi wa makala hiyo hawataji kabisa! Hatimaye mbiru ilifutwa, kikabaki kiwango kimoja kwa wote, utaratibu uleule waliokuwa wakiudai.