Daftari la wiki: Ufunguo wa tatu

JUMATATU. Saa kumi na mbili asubuhi jirani yangu wa Isevya, hapa Tabora, ameshaketi na kisu. Viazi vitamu alivyochemsha jana usiku anavimenya, anavikata vipande vyembamba, anavitandaza juani. "Mwangaluka, mayu," namwamkia. Anaitika bila kuinua macho. Wageni huchanganya matobolwa haya na michembe. Michembe hukaushwa mbichi. Matobolwa hupikwa kwanza, ndiyo maana yakikauka yana rangi ya asali na hutafunwa vivyo hivyo, au hurudishwa jikoni yakapikwa na karanga. Ni siku kadhaa za kugeuza kipande kimoja kimoja, na kila jioni kuyaingiza ndani. Ukipimiwa kopo sokoni, tafadhali usiombe kupunguziwa.

JUMANNE. Nilikwenda Kwihara, kwenye tembe ambamo Livingstone alimngoja Stanley ampelekee wapagazi kutoka pwani, kuanzia Machi hadi Agosti 1872. Mimi fikira zangu zilikuwa kwa Halima, mpishi wake. Katika kumbukumbu zake za mwaka huo Livingstone anasimulia jinsi Halima alivyogombana na mwenzake, akasusa, akaondoka, kisha akarudi mwenyewe na kusimama nje. Alitaka tu mwenye nyumba atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia, akampa na nguo ya baridi. Hapo ndipo alipoandika kwamba atampa uhuru wake, na wakifika Unguja atamnunulia nyumba na bustani.

Hawakufika. Mwaka 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na Halima akawa miongoni mwa waliousindikiza mwili wake, ukapita hapa Unyanyembe, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Watumishi wenzake, Chuma na Susi, walialikwa Uingereza. Halima hakualikwa, na hilo linaniuma kila nikipita Kwihara. Njia ya misafara tumezoea kuisimulia kwa pembe za ndovu na wanaume waliozibeba. Wake wa wapagazi wa Kinyamwezi nao waliitembea, chungu kichwani na mtoto mgongoni, na jioni mizigo ikituliwa, kazi yao ndiyo kwanza inaanza: kuni, maji, moto.

ALHAMISI. Kikoba cha jirani yangu hukutana saa tisa alasiri chini ya mwembe. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu ambao hakuna hata mmoja anayelala na sanduku. Mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, lakini ukiwaona wanavyoita namba za wanachama na kugonga mihuri ya hisa, utadhani umezaliwa Tabora.

Leo kufuli mbili zilikuwa wazi, ya tatu bado. Mwenye ufunguo ni jirani yangu. Alikuwa Kitete, hospitalini, amempelekea mwanachama aliyejifungua kwa upasuaji uji pamoja na pesa za mfuko wa jamii. Alifika akihema, chupa ya uji tupu mkononi, akafungua pindo la khanga. Kilichotoka kwanza ni shilingi mia tano ya faini ya kuchelewa. Aliiweka mezani kabla hajaulizwa, kisha ndipo akatoa ufunguo. Mmoja akasema, "Dada, si ulikuwa kwenye shughuli yetu?" Akajibu, "Katiba haijaandika hivyo." Wakaendelea.

Mwanamke huyu ndiye aliyehangaika na usajili Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilipovitaka vikundi visajiliwe. Yeye ndiye anayefuatilia ile asilimia nne ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa mikopo ya wanawake. Nauli anatoa mfukoni mwake, na siku akiwa ofisini matobolwa yanabaki juani bila wa kuyageuza. Mikopo ile si hisani, na siku zake zile zinastahili kuhesabiwa kuwa kazi.

JUMAMOSI. Nilimsaidia kugeuza viazi, nikamsimulia habari za Halima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo nyumba na bustani, waliandikishana?"

"Aliandika mwenyewe, kwenye daftari lake."

"Basi hilo ni deni," akasema, akasogea safu ya pili.