Ni Kweli, Mheshimiwa

Mahakama ya trafiki nchini Kenya ina maneno mawili yanayofanya kazi kubwa kuliko vitabu vyote vya sheria vilivyo kwenye rafu yake. Karani anasoma shtaka, anauliza kama ni kweli ama si kweli, na mshtakiwa anajibu: "Ni kweli, Mheshimiwa." Hakimu anaandika, anataja faini, faili inafungwa, anaitwa mwingine. Kwenye kumbukumbu, huyo ni mkosaji aliyekiri kosa lake. Mimi nabisha. Wengi wa niliowasikia wakitamka maneno hayo hawakuwa wakikiri chochote. Walikuwa wakinunua njia ya kurudi kazini, na kukiri ndiyo iliyokuwa njia ya bei nafuu.

Tuanze na kile ambacho sheria inadai. Mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo mahakama zetu huitaja kila suala la kukiri linapozuka. Iliagiza mshtakiwa aelezwe shtaka na viini vyake vyote kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha upande wa mashtaka ueleze ukweli wa tukio, naye apewe nafasi ya kuupinga au kuufafanua. Akitoa maelezo yanayotilia shaka hatia yake, kukiri kule kubadilishwe kuwe kukana. Ni utaratibu wa watu waliojua kwamba binadamu aliyesimama kizimbani anaweza kusema "ndiyo" kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na hatia.

Niliitwa mahakamani mwaka jana, nje ya Nairobi, kwa shtaka la kusafiri kwenye matatu bila kufunga mkanda. Kiti nilichokalia kilikuwa na mkanda usio na kipande cha kuufungia. Nilimwonyesha afisa. Akaniandikia karatasi yenye tarehe na jina langu, iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu cha kisheria. Jedwali la makosa madogo ya trafiki la 2016 linasema abiria au dereva asiyefunga mkanda atalipa shilingi 500, na gari lisilowekewa mikanda ni shilingi 1,000 kwa kila kiti. Mwenye gari hakuandikiwa karatasi. Nilipofika kizimbani siku ya kwanza nilisimama pamoja na watu wengi, shtaka likasomwa kwa pumzi moja, na majibu ya "ni kweli" yakafuatana kama itikio la dua. Mimi nikasema si kweli.

Hapo ndipo bei ilipopanda. Waliokiri walilipa kwa simu wakaondoka kabla ya saa sita. Mimi nilipewa tarehe nyingine. Siku hiyo shahidi, yaani afisa aliyenikamata, hakufika, kesi ikaahirishwa. Siku ya tatu hakufika tena, na kiongozi wa mashtaka akaomba kuondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai. Msomaji akumbuke namba hiyo. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu hicho kabla hujajitetea, unaachiliwa, lakini hakuna kinachozuia ushtakiwe tena kwa jambo lilelile. Baada ya safari tatu sikuwa nimeshinda wala kushindwa. Hakuna aliyewahi kunisikiliza kuhusu ule mkanda.

Sasa tupige hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 400, kwa hiyo nilitumia 1,200 kupinga faini ya 500. Na mimi ni mwanafunzi wa uzamili: nikikosa kipindi, naomba nakala kwa mwenzangu. Mweke mahali pangu kibarua wa mjengo. Tuseme analipwa shilingi 700 kwa siku, na asipokwenda halipwi. Safari zile tatu zingemgharimu 3,300, zaidi ya mara sita ya faini. Mama mboga angepoteza siku tatu za soko na pengine mzigo ulioharibika. Nani, mwenye akili timamu na watoto nyumbani, atasema si kweli kwa bei hiyo?

Mwanazuoni Mmarekani Malcolm Feeley alichapisha mwaka 1979 kitabu kuhusu mahakama ya ngazi ya chini ya mji wa New Haven. Hoja yake kuu ni kwamba kwenye kesi ndogo, adhabu halisi haiko kwenye hukumu. Iko kwenye mchakato: kungoja, kurudi, kukosa kazi, kutafuta pesa za dhamana. Nilipousoma uchunguzi huo sikuona Marekani. Niliona benchi la mbao tulilolikalia kuanzia saa mbili asubuhi.

Na sheria zetu zimeutia mchakato huo upendeleo wa wazi. Kifungu cha 99 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu hakimu, kwa makosa madogo, kumsamehe mshtakiwa asifike mwenyewe mahakamani, endapo atakiri kwa maandishi au atawakilishwa na wakili. Soma tena. Anayekiri anaweza kubaki nyumbani. Mwenye pesa za wakili anaweza kubaki nyumbani. Asiye na pesa na anayesema hana hatia ndiye anayetakiwa kupanda matatu alfajiri. Katiba ya 2010 inasema huyo ndiye wa kudhaniwa hana kosa, lakini ndiye anayesumbuliwa kuliko wote.

Usumbufu huu ndio unaopanga bei ya hongo barabarani. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani anayetoa kama anayepokea, na kila mkutano wa maadili hutuhubiria tusitoe kitu kidogo. Ni kweli tusitoe. Ila tuulize yule afisa anauza nini. Anauza kutokwenda mahakamani. Akikwambia, "Sasa nikuandikie, ama tuelewane?", hatishii faini, maana faini ya 500 haimtishi mtu. Anatishia siku zako. Kadiri mahakama inavyochosha, ndivyo neno "tuelewane" linavyopata thamani. Huwezi kumaliza hongo ya barabarani huku ukiiachia mahakama ifanye kazi ya kuipandishia bei.

Najua jibu la kwanza. Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, kwa takwimu za serikali za miaka ya karibuni. Nani ana muda wa kuhurumia wavunja sheria? Mimi husafiri kwa barabara hizohizo. Masharti yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya waziri John Michuki, ya mikanda na vidhibiti mwendo, naamini yalikuwa ya haki. Lakini mkanda usiofungika hauokoi maisha hata abiria akitozwa faini mara kumi. Kwenye kesi yangu, jambo pekee lenye maana kwa usalama lilikuwa kile kiti, na mahakama haikupata nafasi ya kukisikia. Mtu akilazimika kukiri ili aende zake, taarifa ambayo ingemfikia mwenye gari hupotea pamoja naye. Tunapata faini, hatupati mkanda.

Jibu la pili husemwa kwa sauti ya chini zaidi: kila mtu akikana, mahakama zitafurika, hakimu mmoja atafanyaje? Nashukuru kwa ukweli huo, maana una maana moja tu. Mfumo unasimama kwa sababu watu hawatumii haki yao. Ibara ya 50 ya Katiba inampa kila mshtakiwa haki ya kupewa muda wa kujiandaa na kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Kama haki hiyo inawezekana tu pale wachache wanapoidai, basi ni pambo la ukutani.

Wala si kwamba nchi imeshindwa kubuni njia nyepesi. Mahakama za Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, husikiliza migogoro ya hadi shilingi milioni moja, na sheria inazitaka zisikilize kesi siku hadi siku na kuimaliza ndani ya siku 60. Mfanyabiashara anayedai mwenzake amepewa hilo. Abiria anayedaiwa na dola shilingi 500 hajapewa. Tangu 2020 mahakama zetu zimesikiliza kesi kwa video, na mawakili wameshazoea kusimama mbele ya hakimu wakiwa ofisini kwao. Basi anayekana kosa dogo la trafiki naye asikilizwe kwa simu yake, pale alipo, hata kama ni kwenye mjengo saa ya chakula.

Ninayodai si makubwa. Kwanza, kama mtu anaweza kukiri kwa maandishi, aweze pia kukana kwa maandishi na kueleza sababu, na maelezo hayo yasomwe kabla ya kuitwa. Pili, kesi ya kosa la faini ndogo isikilizwe siku moja, na shahidi wa mashtaka asipofika bila sababu, mshtakiwa aachiliwe kabisa, si kwa 87(a) inayomwacha na deni la wasiwasi. Tatu, wito uandikwe kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 198 kinasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na Katiba inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi. Kama karani anaweza kuniuliza "ni kweli ama si kweli", basi karatasi inayoniita nayo iweze kuniambia kwa lugha hiyo kwamba jibu la pili lipo.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na huko barabarani, lori likija, nakubali kupisha. Mahakama ilijengwa ili pawe na mahali pamoja ambapo msemo huo haufanyi kazi. Kusema "si kweli" kukigharimu sawa na kusema "ni kweli", hapo nitaamini kumbukumbu zinazoonyesha jinsi Wakenya wanavyokiri. Kwa sasa naziona ni stakabadhi za malipo tu.