Kabuki: Amri Iliyogeuzwa Kuwa Mila

Miongoni mwa mambo yanayorudiwa katika maandishi juu ya sanaa za maonyesho, ni machache yanayokubaliwa kwa wepesi kama hili: kwamba kabuki, mchezo mashuhuri wa kuigiza wa Wajapani, ni sanaa ambayo kwa asili yake huchezwa na wanaume peke yao. Dai hilo huandikwa kwa utulivu, kana kwamba laeleza kupwa na kujaa kwa bahari. Mwalimu hulisoma, humsomea mwanafunzi, naye mwanafunzi hulinakili katika daftari lake, yakaisha. Sisi twalikataa. Jambo hilo si asili ya kabuki hata kidogo. Ni amri ya serikali, yenye mwaka wake na sababu zake. Na amri ikidumu sana huvikwa joho la mila, hata ikaheshimiwa na wale wale iliowafungia mlango.

Hebu tuanze pale ilipoanzia sanaa yenyewe. Mwaka 1603, ndio mwaka ule ule Tokugawa Ieyasu alipotunukiwa cheo cha shogun na kushika hatamu za nchi nzima, mjini Kyoto alikuwapo mwanamke mcheza ngoma aliyeitwa Okuni, aliyejinasibisha na hekalu kuu la Izumo. Okuni alivaa mavazi ya kiume, upanga kiunoni, akaigiza kijana mtanashati aendaye kustarehe kwa wanawake wa nyumba za chai. Watu wa mji walimiminika kumtazama. Jina la kabuki latokana na neno la Kijapani lenye maana ya kuinama upande, yaani kwenda kinyume cha taratibu, na vijana wakorofi wa zama hizo waliovaa ovyo kwa makusudi waliitwa kwa jina hilo. Basi mwasisi wa sanaa hii inayodaiwa kuwa ya wanaume alikuwa mwanamke, na mchezo wake wa kwanza uliosifika ulikuwa wa mwanamke kumwigiza mwanamume!

Vikundi vya wanawake vikaenea upesi, vingi vikimilikiwa na wenye madanguro. Samurai wakagombana juu ya wachezaji, na watu wa matabaka mbalimbali wakachanganyika mahali pamoja, jambo ambalo utawala wa Tokugawa, uliosimama juu ya kila mtu kukaa mahali pake, haukuweza kulivumilia. Mwaka 1629 wanawake wakapigwa marufuku jukwaani. Na tuzingatie vema kilichosemwa na kisichosemwa. Hakuna aliyedai kwamba wanawake hawajui kucheza, wala kwamba sanaa ingekuwa bora bila wao. Ilikuwa kazi ya polisi tu. Ushahidi ni huu, kwamba nafasi yao iliposhikwa na wavulana, ugomvi ule ule ukazuka, safari hii samurai wakiwagombania wavulana. Na mwaka 1652 wavulana nao wakafukuzwa. Michezo iliporuhusiwa tena, waigizaji walitakiwa wawe wanaume walionyoa nywele za mbele ili wapungue mvuto, na waigize visa badala ya kucheza ngoma tupu. Wachezaji wakafunika upara huo kwa kitambaa cha zambarau, na kitambaa chenyewe kikawa pambo. Twawasifu kwa ujanja huo.

Hapa ndipo wapinzani wetu hutuletea hoja yao kubwa. Husema: lakini tazameni yule onnagata, mwanamume aigizaye wanawake, alivyofikia kilele cha sanaa! Nasi twakubali kwa moyo mweupe. Yoshizawa Ayame wa kwanza, aliyeishi kati ya mwaka 1673 na 1729, aliisoma kazi hiyo kwa bidii ya ajabu, akashika mwenendo wa kike hata nje ya jukwaa, na maneno yake juu ya ufundi huo yaliandikwa yakawa mafunzo kwa waliomfuata. Mwendo, shingo, ncha ya mkono wa kimono, sauti, vyote vilitungiwa umbo maalumu ambalo hupokezanwa toka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Mti uliopinda kwa kuzuiwa na ukuta waweza kuwa mzuri, na kivuli chake kikatufaa; lakini haifuati kwamba ukuta ni sehemu ya mti.

Tena, hoja hiyo yajikata yenyewe. Wasema onnagata haigi mwanamke fulani, bali aonyesha umbo la uanamke lililotungwa kwa ufundi. Vema. Kama ni maumbile ya kuzaliwa nayo, mwanamume asingeliweza kamwe. Na kama ni ufundi wa kujifunza, mwanamke naye aweza kujifunza. Wala hatusemi haya kwa kukisia. Katika majumba ya makabaila, katika zile sehemu za ndani wasikoruhusiwa wanaume, walikuwako wanawake waliowachezea mabibi wa nyumba michezo hiyo hiyo ya kabuki. Na katika zama za Meiji, Ichikawa Kumehachi, mwanafunzi wa Danjūrō wa tisa aliyekuwa bingwa wa wakati wake, alisifiwa hadi akaitwa Danjūrō wa kike.

Kinachotushangaza zaidi ni jinsi wapenzi wa kabuki wanavyochagua amri za kulaani na amri za kuenzi. Utawala uliotoa amri ya 1629 ndio uliofunga kabisa jumba la Yamamura mwaka 1714, kwa kuwa Ejima, bibi wa cheo katika kasri la shogun, alionekana na mwigizaji Ikushima Shingorō, naye mwigizaji akahamishiwa kisiwani. Ndio uliomfukuza Danjūrō wa saba kutoka Edo mwaka 1842 kwa kosa la anasa, na kuyahamishia majumba ya michezo pembeni mwa mji. Waigizaji waliitwa watu wa kando ya mto, wakahesabiwa chini ya raia wengine. Hayo yote leo huitwa dhuluma, na kwa haki. Ila ile amri moja, ya 1629, yaitwa urithi. Kwa mizani gani?

Wengine hujibu kwamba sanaa ya kale isiguswe. Laiti ingekuwa kweli! Kabuki haijapata kuacha kuguswa. Jukwaa lizungukalo alilitengeneza Namiki Shōzō mjini Osaka mwaka 1758. Mchezo wa Kanjinchō, unaotukuzwa kama kito cha kale, ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1840. Mwaka 1887 mchezo huo ulichezwa mbele ya Mfalme Meiji katika makazi ya waziri Inoue Kaoru, baada ya wakubwa kuanzisha chama cha kuirekebisha michezo ili isiwaaibishe mbele ya Wazungu. Hata maandishi ya jina yalisafishwa: herufi ya tatu, iliyokuwa mara nyingi ile ya mwanamke mchezaji, ikashikwa na herufi nyingine yenye maana ya ustadi. Mwaka 1986 Ichikawa Ennosuke wa tatu alianzisha kabuki mpya kwa mchezo wa Yamato Takeru, na mwaka 2015 ikachezwa hadithi ya maharamia wa kitabu cha katuni, One Piece. Basi haramia wa katuni aruhusiwa kuingia, na mwanamke hapana!

Wala haisemeki kwamba sheria ingali inazuia. Marufuku ya kuchanganya wanaume na wanawake jukwaani iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Tangu hapo mlango umeshikwa na wenyewe: koo za waigizaji, ambamo majina makubwa hurithishwa kwa wana wa kiume au kwa watoto wa kupanga, na wenye majumba ya biashara. Jumba la Taifa la Michezo lilifunguliwa Tokyo mwaka 1966, na mwaka 1970 likaanza kufundisha waigizaji wasiotoka katika koo hizo. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, maana ilivunja ngome ya damu. Lakini waliochukuliwa walikuwa vijana wa kiume. Nayo UNESCO iliiandika kabuki katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008, na muhuri ukagongwa juu ya mambo kama yalivyo.

Mwalimu atakayefundisha habari hizi na awaonyeshe wanafunzi pia kabuki isiyo ya Tokyo. Katika vijiji na miji midogo ya Japani wakulima na wenye maduka wamejichezea kabuki yao kwa vizazi vingi, mara nyingine kinyume cha makatazo ya watawala, wala hawakungoja cheti cha mtu. Huko wanawake na watoto hupanda jukwaani. Katika mji wa Komatsu, ambako ndiko kilikokuwa kizuizi cha Ataka kinachosimuliwa katika Kanjinchō, kila mwaka mwezi wa Mei magari ya sherehe yenye jukwaa juu yake hutolewa barabarani, na wanaocheza kabuki juu yake, wakiwa wamepakwa rangi nyeupe usoni na kuvaa mavazi mazito ya mashujaa, ni wasichana wa shule.