Kutoka Si Kutoa: Kamusi, Mimba na Hukumu Zetu

Insha hii inahusu neno moja tu. Wapo watakaosema kuchunguza maneno ni kazi ya walimu wa lugha, na mchungaji ahubiri Injili. Lakini neno hili limewafanya baadhi ya dada zetu wasio na kosa waitwe wauaji, na papo hapo limewapa watu wengine mahali pa kujificha. Penye jambo la namna hiyo, mchungaji hana ruhusa ya kunyamaza. Ni lile neno la Kiingereza ambalo wahudumu wa afya huliandika kwenye karatasi ya hospitali, na ambalo sisi wa Isaka, Kahama na Geita tunaliita abosheni.

Neno la wodini

Katika vitabu vya tiba, abosheni ni kumalizika kwa ujauzito kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo la mama. Tafsiri hiyo haiulizi nani alifanya nini. Mama aliyeugua malaria kali, mama ambaye mimba yake haikutunga vizuri tangu mwanzo, na msichana aliyemeza vidonge makusudi, wote huandikwa kwa neno hilo hilo. Daktari huongeza neno la pili ili kutofautisha: iliyotokea yenyewe, iliyosababishwa, inayotishia, isiyokamilika, yenye maambukizi. Hata orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, imeweka katika fungu moja, namba O00 hadi O08, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, mimba zabibu, mimba iliyoharibika yenyewe na mimba iliyotolewa kitabibu.

Sigombani na daktari kwa hilo. Mama anayevuja damu anahitaji mishipa yake ipate maji na damu, na mfuko wa uzazi ushughulikiwe upesi. Kwa kazi hiyo, neno linaloonyesha hali ya mwili linatosha. Ugomvi wangu unaanza neno hilo linapotoka wodini na kufika sebuleni kwa mama mkwe, au kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

Nimewahi kuketi katika kikao ambacho karatasi ya hospitali ililetwa kuwa ushahidi dhidi ya binti asiye na ndoa. Ilitakiwa azuiliwe Meza ya Bwana mpaka atubu kosa la kutoa mimba. Karatasi ilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza. La kwanza kila mtu alilijua, au alidhani analijua. La pili hakuna aliyelijali. Nikaomba tusiamue mpaka mtu wa tiba atueleze. Alitueleza kwamba maneno yale mawili yana maana ya mimba iliyoharibika ambayo masalia yake hayajatoka yote. Yalisema jambo juu ya mfuko wa uzazi. Juu ya mikono ya binti na nia yake hayakusema lolote. Kwa nusu saa tulikuwa karibu kumhukumu mtu kwa neno ambalo hatukulielewa.

Kamusi zenyewe hazikubaliani

Mtu atauliza: je, kamusi za kawaida hazitusaidii? Samuel Johnson, katika kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alilieleza neno hilo kuwa ni kuzaa kabla ya wakati, bila kutaja kusudi. Kamusi za Oxford za siku hizi hutanguliza kukatisha ujauzito kwa makusudi. Kamusi ya Kimarekani ya Merriam-Webster huzungumzia kumalizika kwa ujauzito pamoja na kifo cha kiinitete au kijusi, kisha huweka chini yake kuharibika kwenyewe na kutolewa pia. Basi neno hilo moja lina maana moja hospitalini, nyingine mtaani, na nyingine tena miaka 270 iliyopita.

Madaktari wenyewe waliliona tatizo. Mwaka 1985 Profesa Richard Beard na wenzake wa London waliandika katika jarida la Lancet, wakiwasihi madaktari waache kulitumia neno hilo kwa wanawake waliopoteza mimba bila kupenda, kwa sababu linawaumiza. Ikiwa madaktari wa Uingereza waliona haya kulitumia, kwa nini sisi tulipokee kama ushahidi kanisani?

Tena ajabu ni hii. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, iliandikwa kwa Kiingereza, na katika vifungu vyake vya 150 hadi 152 kosa la kutoa mimba kwa makusudi limeandikwa kwa neno lile ambalo Waingereza wa leo hulitumia kwa mimba iliyoharibika yenyewe. Hospitali inatumia neno kali kwa msiba, na sheria inatumia neno la msiba kwa kosa. Anayetegemea maneno ya Kiingereza kupima haki ya mtu hapa kwetu amesimama juu ya mchanga.

Kiswahili kimetupa vitenzi viwili

Lugha yetu imetufanyia jambo ambalo Kiingereza hakikufanya. Sisi husema mimba imetoka, na husema mimba imetolewa. Husema mimba imeharibika, na husema fulani ameharibu mimba. Mtoto wa darasa la tatu anajua tofauti ya kikombe kuvunjika na kuvunja kikombe. Kutoka na kuharibika havina mtendaji. Kutoa na kuharibu vina mtendaji, na mtendaji anaweza kuulizwa.

Basi tutumie tulichopewa. Anayemwambia mama aliyefiwa na mimba kwamba "umetoa" amemshuhudia jirani yake uongo, na Amri ya Nane inamhusu. Katekisimu Ndogo tuliyoikariri Kipaimara inatufundisha kumtetea jirani na kumwazia mema, wala haikusema isipokuwa jirani asiye na ndoa. Katika kila mimba kumi zinazojulikana, moja au mbili huharibika zenyewe, na zile za miezi ya mwanzo huharibika mara nyingi kwa sababu mbegu ya uhai haikuungana sawasawa. Hesabu akina mama walioketi katika ibada ya Jumapili, utaona kwamba msiba huu umo katika kila benchi.

Lakini wengine wanajificha

Sasa nageukia upande wa pili. Wapo wanaoshika tafsiri ile ya kitabibu na kusema: mnaona, vitabu vinasema ni kumalizika kwa ujauzito tu, hakuna mtu aliyeuawa. Ndugu, kamusi ni daftari la jinsi watu wanavyotumia maneno. Haikuwekwa kuwa mwamuzi wa nani ni mtu. Kipimo cha kuweza kuishi nje ya tumbo nacho hutembea. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1929 ilikiweka kwenye wiki 28, na kifungu chetu cha 219 kingali na wiki hizo 28. Waingereza walishusha ukomo wao hadi wiki 24 mwaka 1990. Mtoto wa wiki 26 hakubadilika kati ya miaka hiyo. Zilibadilika mashine za kumsaidia kupumua. Kipimo kinachotegemea mashine iliyopo kinamfaa daktari anayepanga matibabu. Hakiwezi kutuambia kama Mungu alikwisha kumjua huyo mtoto. Yeremia 1:5 na Zaburi ya 139 vimekwisha kujibu, na Didake, mafundisho ya Wakristo wa kale kabisa, yanakataza waziwazi kumuua mtoto aliye tumboni.

Mitaani napo kuna maneno ya kufunika. Kuchoropoa. Kusafisha. Hili la pili ni baya zaidi, maana mama aliyepoteza mimba naye husafishwa hospitalini, na kwa neno moja msiba wake unachanganywa na jambo la chumba cha uani. Tukisema kutoa mimba, tuseme kutoa mimba. Na mama anapofanyiwa upasuaji kwa sababu mimba imetunga nje ya mfuko na atakufa, tusilitumie neno hilo la hukumu. Hata sheria, kifungu cha 230, inamlinda anayepasua kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama.

Mtendaji ni nani?

Nimesema kutoa kuna mtendaji. Hapa tumezoea kumtaja mmoja tu. Isaka ni bandari kavu. Malori ya Rwanda na Burundi hulala hapa, na vijana hupita kwenda kutafuta dhahabu Kakola na Geita. Binti anayepika chakula kando ya barabara hupata mimba, mwanamume huondoka, kisha hutuma fedha kwa simu pamoja na ujumbe wa maneno mawili: "malizana nayo." Nani ametoa mimba hapo? Kikao chetu humwita binti. Mwenye simu huendelea kuimba kwaya katika usharika mwingine.

Sheria ya nchi ina macho kuliko sisi. Kifungu cha 150 kinamwekea mtu yeyote anayemfanyia mwanamke tendo hilo kifungo cha hadi miaka 14. Mwanamke mwenyewe, katika kifungu cha 151, ni hadi miaka 7. Anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika hivyo, kifungu cha 152, ni hadi miaka 3. Siandiki haya ili mtu yeyote akimbilie polisi. Naandika ili tuone kwamba hata Serikali haikumhesabu mwanamke kuwa peke yake, wala kuwa wa kwanza. Kanisa linalomrudisha kundini binti peke yake halijamaliza kazi yake.

Luther alitenganisha

Mwaka 1542 Martin Luther aliandika maneno ya faraja kwa wanawake ambao uzazi wao haukwenda vyema. Mwanzoni kabisa aliwaweka kando wale wanaoangamiza mtoto kwa makusudi.  Kisha akawageukia waliopoteza bila kupenda, akafundisha kwamba wasitishwe wala wasihuzunishwe kwa maneno makali, na kwamba msiba wao usihesabiwe kuwa ishara ya hasira ya Mungu. Mtoto asiyewahi kubatizwa aliwafundisha kumkabidhi kwa Mungu, kwa kuwa kuugua kwa moyo wa mama ni sala, kama Warumi 8:26 inavyofundisha. Miaka karibu 500 imepita, na sisi tunaojiita kwa jina lake bado tunachanganya alichokitenganisha.

Tena tukumbuke 1 Wakorintho 15:8. Paulo anajiita kwa neno la Kigiriki linalotajwa kwa mimba iliyotoka kabla ya wakati, neno lile lile lililomo katika Ayubu 3:16 ya Kigiriki. Mtume alilichukua jina hilo la aibu na kulivaa mwenyewe.

Tufanye nini?

Kwanza, karatasi ya hospitali isiletwe tena mbele ya wazee kuwa ushahidi. Ni siri ya mgonjwa na mtabibu wake. Pili, mama aliyepoteza mimba atembelewe kama mfiwa, Umoja wa Wanawake wamfanyie kama wanavyomfanyia aliyefiwa, na mchungaji aombe naye kwa kulitaja jambo kwa jina lake: mimba imeharibika. Tatu, tufundishe Kipaimara, mbele ya wavulana na wasichana pamoja, kwamba kutoa mimba ni kuondoa uhai, na kwamba anayelipia ametoa. Nne, aliyetoa naye akija akilia, awe mwanamke au mwanamume, asikie ondoleo la dhambi kwa sauti ile ile tunayoitumia kwa wezi na wazinzi.

La mwisho lina haraka. Mwanamke anayevuja damu aende hospitali leo, hata kama anaogopa kuulizwa. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa kihalali nchini kwetu, kwa yeyote, kwa sababu yoyote. Wapo wanaokaa ndani siku tatu wakiogopa neno moja la Kiingereza na midomo yetu. Amri ya Tano haituachi tuseme hatukumuua kwa kuwa hatukumgusa. Inatudai tumsaidie katika shida zote za mwili. Akifia ndani kwa kutuogopa, tutaulizwa sisi.